Zamu ya uwanjani: usalama na adabu katika autocross

Swali: "Mimi ni Mkenya wa Nakuru ninayeishi Columbus, Ohio. Nyumbani nilitazama autocross za vumbi nikiwa mtazamaji tu. Sasa mwenzangu kazini amenialika kushiriki siku ya autocross ya klabu iliyo chini ya SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, nami nimekwisha kujiandikisha na Honda Civic yangu. Maelezo niliyotumiwa yanasema kila dereva atapangiwa zamu ya kusimama uwanjani na kuokota koni wenzake wanapoendesha. Je, siwezi kuongeza malipo nikaondoka baada ya mizunguko yangu? Ni kanuni na adabu zipi ambazo wageni huzikosea? Kaka yangu anataka kuja na RAV4 yake, na mwanangu wa miaka 9 anaomba akae kando yangu garini."

Jibu: Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la malipo, kwa kuwa majibu ya maswali mengine yanatokana nalo. Zamu ya uwanjani hailipiwi. Anayeondoka bila kuifanya hufutiwa muda aliouweka siku hiyo, na vilabu vingi havimpokei tena kwa moyo mweupe. Huu si ukali usio na sababu. Siku ya autocross haina wafanyakazi wa kuajiriwa: anayekuokotea koni ni dereva mwenzako ambaye ama amekwisha kuendesha ama anasubiri kundi lake liitwe, na baada ya saa moja au mbili atakuwa nyuma ya usukani huku wewe umesimama kwa miguu yako juu ya lami ileile. Kanuni nitakazokueleza, pamoja na adabu zisizoandikwa popote, zimetungwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya huyo aliyesimama, kwa sababu yeye hana bodi ya gari ya kumkinga, hana mkanda wala mfuko wa hewa.

Usije na picha ya Nakuru kichwani. Autocross ya Kenya, ambayo iko chini ya Kenya Motor Sports Federation, hukimbiwa kwenye njia ya udongo, na ile ya Uingereza hukimbiwa kwenye nyasi au ardhi isiyo na lami. Ya Marekani ni mchezo mwingine wenye jina lilelile. Uwanja wake ni lami au zege pana, aghalabu maegesho makubwa au kiwanja cha ndege cha zamani, na njia nzima huchorwa kwa koni za plastiki. Magari hayafukuzani, kila moja hushindana na saa inayopima hadi sehemu ya elfu ya sekunde, na mzunguko mmoja huchukua takriban dakika moja. SCCA, chama kilichoanzishwa mwaka 1944, huuita mchezo huu Solo, na mashindano yake ya taifa yalianza mwaka 1973. Kwa miaka mingi sasa yamekuwa yakifanyika Lincoln, Nebraska, kwenye zege la uwanja wa zamani wa ndege wa kijeshi.

Njia yenyewe huwekwa kwa vipimo vinavyomlinda dereva dhidi ya makosa yake. Kitabu cha kanuni za Solo kinataka lango la koni liwe na upana usiopungua futi 15, yaani mita 4 na nusu hivi, na koni za kupita kwa kuyumba kushoto na kulia ziachane kwa futi 45 au zaidi. Njia haipaswi kukaribia nguzo ya taa, ukingo wa zege au kitu kingine kigumu kwa umbali wa chini ya futi 25. Mwendo nao hudhibitiwa na mchoro wa njia, ili gari la kawaida lisivuke sana maili 60 kwa saa, karibu kilomita 100, hata kwenye sehemu iliyonyooka. Kwa hiyo dereva anayekosea kona huishia kuangusha koni na kujiongezea sekunde, wala hagongi ukuta. Lakini gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa hukata mita 18 kila sekunde, na mtu aliyeinamia simu yake kwa sekunde 2 tu hujikuta gari limeshamsogelea kwa mita 36. Hatari ya mchezo huu imebaki hapo, na ndipo ninapokuomba uweke akili yako siku hiyo.

Kila tukio la Solo lazima liwe na msimamizi wa usalama mwenye leseni ya chama. Ana mamlaka ya kusimamisha shughuli yote, kubadilisha sehemu ya njia, kukataa gari au kumtoa dereva. Akikuambia jambo, litii kwanza kisha uulize baadaye, ukiwa umeegesha na injini imezimwa. Huenda ameona kitu ambacho wewe, ukiwa ndani ya gari, huwezi kukiona.

Maandalizi huanza nyumbani usiku uliotangulia. Toa kila kitu kisichofungwa ndani ya gari: chupa za maji, kapeti za miguuni, chaja ya simu, kiti cha mtoto, tairi ya akiba ikiwa haijafungwa kwa bolti, na vile vijitu vinavyojificha chini ya viti. Chupa moja ikibingirika hadi chini ya pedali ya breki katikati ya kona, hutakuwa na nafasi ya kuinama kuitafuta. Vifuniko vya rimu navyo vitolewe, kwa maana vikichomoka huruka mbali. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Mkaguzi atatikisa magurudumu kuona kama beringi zimelegea, atavuta betri kuhakikisha imefungwa, atakanyaga breki kuona kama pedali ni ngumu, atakagua kama pedali ya mafuta hurudi yenyewe ikiachiliwa, na ataangalia kama kuna mafuta au maji yanayovuja na kama nyuzi za tairi zimeanza kuonekana. Ukaguzi huo huchukua dakika chache tu, na anayeuendesha ni mwanachama mwenzako aliyeamka mapema kuliko wewe. Umfikie gari likiwa tupu na boneti imefunguliwa, foleni isikwame kwa sababu yako.

Kuhusu helmeti nitakaa kidogo, kwa kuwa wageni wengi hufika na isiyofaa. Kinachotazamwa ni kibandiko cha wakfu wa Snell, ambacho mara nyingi kimefichwa chini ya kitambaa cha ndani. Wakfu huo ulianzishwa mwaka 1957 kwa kumbukumbu ya Pete Snell, dereva wa ridhaa aliyekufa mwaka 1956 kwa jeraha la kichwa katika mashindano ya magari, baada ya helmeti yake kushindwa kumkinga, na tangu hapo kazi yake imekuwa kuzipima helmeti kwa kuzigonga hadi zithibitike. Herufi SA ni za mbio za magari, na kitambaa chake hupimwa pia dhidi ya moto. Herufi M ni za pikipiki. Katika autocross zote mbili hukubaliwa, mradi toleo lisiwe limepitwa na wakati. Matoleo mapya hutoka takriban kila miaka 5, na klabu yako itakuambia ya zamani kabisa inayopokelewa ni ya mwaka gani. Alama ya DOT (idara ya uchukuzi ya Marekani) peke yake, ambayo wauzaji wa pikipiki wa Marekani hupenda kuionyesha, haitoshi. Ikiwa huna helmeti, usinunue kwa pupa. Vilabu vingi huwa na za kuazima kwa ajili ya wageni. Chukua inayokushika kichwa chote bila kucheza unapotikisa, ifunge ukanda wake, na uirudishe mahali pake mara umalizapo.

Utakapofika, kabla ya kuvuka lango, kila mtu aliye ndani ya gari atatia saini fomu ya kukubali hatari na kufungwa utepe mkononi. Isome fomu hiyo. Bima ya tukio huhusu madhara yanayowapata watu na mali za wengine. Haitengenezi gari lako, na bima yako ya barabarani kwa kawaida haigusi hasara inayotokea katika mashindano ya kupimwa muda. Leseni halali ya udereva utaionyesha. Kuanzia hapo, mwendo wako ndani ya eneo la maegesho uwe wa mtu anayetembea, hata kama umechelewa na hata kama mbele yako panaonekana peupe. Watu watakuwa wamelala chini ya magari yao wakipima upepo wa matairi, watoto watakuwa wakitoka nyuma ya magari makubwa, na hapo hakuna aliyevaa helmeti.

Kisha tembea njia kwa miguu. Muda wa kutembea hutangazwa, nao ni wa kutembea tu: usipeleke baiskeli, mbwa wala skuta, na usisogeze koni hata kwa inchi moja, ukiona imekaa vibaya mwambie mwenye kuchora njia. Itembee angalau mara mbili. Mara ya kwanza wengi hutembea wakizungumza na hawakumbuki chochote. Mara ya pili nenda peke yako, chuchumaa mahali pagumu utazame kwa kimo cha macho ya dereva, na uhesabu vituo vya wahudumu wa uwanja. Jua bendera zao ziko wapi kabla hujaingia garini. Baada ya hapo hufuata mkutano wa madereva. Kuhudhuria ni lazima, hata kwa waliousikia mara mia, na adabu ni kusimama karibu, kunyamaza na kuzima injini zote. Ukiwa mgeni, hapo ndipo utakapomjua mwenyekiti wa wageni. Mwombe mkufunzi apande nawe katika mizunguko yako ya mwanzo. Hutozwa chochote kwa hilo, na nimeona watu wakiboreka zaidi kwa mizunguko mitatu pamoja na mkufunzi kuliko kwa msimu mzima wa kubahatisha.

Kwenye mstari wa kungojea, kosa kubwa la wageni ni kutokuwapo. Gari lipo, dereva ameenda kutazama wenzake au kununua chai, na foleni nzima inamsubiri. Baki karibu na gari lako tangu kundi lako liitwe. Magari mawili yaliyo mbele yako yakiondoka, uwe umeketi, umefunga mkanda, umevaa helmeti na madirisha yako tayari. Usimsemeshe dereva ambaye tayari amefunga helmeti ila kama umeona tairi yake ikiishiwa upepo au mlango haujafungwa. Gari la mwenzako usilitie mkono bila ruhusa, hata kwa nia ya kupima upepo kumsaidia. Akiwapo dereva wa pili wa gari hilohilo, mpe nafasi abadilishe kiti na mkanda, kwani kanuni zinamtengea muda. Mwanzishaji akikuashiria, sogea taratibu hadi mstari wa kuanzia na usimame mpaka uruhusiwe. Kupasha matairi moto kwa kuyazungusha papo hapo hakuruhusiwi, na kunamrushia vijiwe mtu aliyesimama nyuma yako.

Ukiwa njiani, jambo moja liko juu ya mengine yote, nalo ni bendera nyekundu. Kwa kawaida kuna magari mawili, pengine matatu, kwenye njia kwa wakati mmoja, yakiachana kwa sekunde 20 au 30. Gari la mbele likizunguka na kuzima, au koni ikiwa imeangukia njiani na mhudumu bado anaikimbilia, vituo vyote huinua bendera kwa pamoja. Ukiiona, simama mara moja, kwa breki thabiti lakini bila kuyumbisha gari, kisha ubaki hapohapo hadi mhudumu akuelekeze. Usiendelee polepole ukitafuta kujua kuna nini. Hutapoteza kitu, kwa sababu utapewa mzunguko mwingine. Anayepita bendera nyekundu hupoteza mzunguko ule, na akirudia hupoteza siku nzima; nami sijapata kumwona msimamizi akilegeza jambo hilo kwa dereva yeyote, awe bingwa au mgeni.

Mengine ya njiani ni mepesi kuyakumbuka. Gari likianza kuzunguka na umeshindwa kulirudisha, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, uzishike mpaka lisimame kabisa; anayeachia breki katikati ya mzunguko huo ndiye anayerushwa kwa upande asioutarajia, mara nyingi kuelekea kituo cha wahudumu. Ukikuta koni imelala njiani kabla hujaifikia, simama salama mapema uwezavyo na uinyooshee kidole, ili mhudumu aone na upewe mzunguko mpya. Ukiamua kuipita na kumaliza, muda wako umekwisha kuandikwa na huna la kudai. Ukipotea njia, punguza mwendo, toka kwa utaratibu na ufuate unakoelekezwa. Usijaribu kugeuza na kurudi kulitafuta lango ulilolikosa kwa mwendo wa mashindano. Koni ikinasa chini ya gari, endelea, lakini ukishavuka mstari wa mwisho simama pale utakapoambiwa ili itolewe, maana plastiki ile ikigusa bomba la moshi huyeyuka, na harufu yake hukaa ndani ya gari kwa wiki nzima. Mstari wa mwisho ukishavukwa, mbio zimekwisha: breki, kisha mwendo wa kutembea hadi mahali pako. Ajali za kijinga zaidi nilizozishuhudia zilitokea hapo, dereva bado akiwa na furaha ya muda wake na mguu bado ukiwa kwenye mafuta.

Sasa tuje kwenye zamu yako. Utapewa kituo pamoja na watu wengine wawili au watatu, kiongozi wa kituo, redio ya upepo, bendera nyekundu na mtungi wa kuzimia moto. Vaa viatu vilivyofunika mguu wote, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na ubebe maji, kwa sababu lami ya mwezi Julai huchoma kutoka juu na kutoka chini. Jambo la kwanza ukifika kituoni, shika mtungi ule uone kama pini iko mahali pake, uamue ni nani atakayeubeba ikihitajika, na muafikiane nani ana bendera. Yule mwenye bendera huishika mkononi muda wote, imefunguliwa. Bendera iliyolazwa chini na kuzuiwa na koni itahitaji sekunde 3 au 4 kuokotwa na kukunjuliwa, na gari la nyuma halitazisubiri sekunde hizo.

Simama. Usikae chini wala juu ya ndoo, hata kama umechoka, kwa kuwa mtu aliyeketi huhitaji muda wa kuinuka kabla ya kukimbia. Simu ibaki mfukoni na kamera garini. Picha zitapigwa na waliopewa kazi hiyo. Na usiligeuzie mgongo gari linaloendeshwa. Hapo zamani wazee wa mchezo huu waliweza kusikia gari likija nyuma yao, lakini leo Tesla Model 3 ni gari la kawaida katika vilabu vingi, nalo hutoa sauti ya matairi tu, tena ikiwa tayari liko karibu. Elekeza mwili wako upande ambao magari yanatokea, huku mwenzako akitazama koni zilizopitwa. Kazi hiyo mgawane kwa sauti, msidhaniane.

Kila koni ya njia imezungushiwa mstari wa chaki kwenye kitako chake. Gari likipita na koni ikatikisika, subiri itulie ndipo uamue. Ikianguka, au ikitoka kabisa nje ya mstari wake, ni adhabu. Chini ya SCCA ni sekunde 2 kwa kila koni. Ikibaki imesimama na kitako chake bado kinagusa chaki, hakuna adhabu, hata kama imesogea kiasi cha kukutia mashaka. Zile zilizolazwa kuonyesha mwelekeo hazihesabiwi. Kupita nje ya lango huufanya mzunguko mzima usihesabike. Kiongozi atasema redioni kwa ufupi: namba ya gari, idadi ya koni, basi. Redio si mahali pa kumcheka dereva wala kumpongeza, kwa maana katikati ya kicheko hicho kituo kingine kinaweza kuwa kinaomba bendera.

Kuokota koni kuna namna yake. Gari lililoiangusha likishapita, tazama kwanza lile linalofuata liko wapi, kisha kimbia, inyanyue koni, ilinganishe na chaki yake na urudi huku uso wako ukielekea magari yanakotoka. Ikiwa imerushwa nje ya njia na gari la pili linakaribia, iache. Itaokotwa baadaye, au dereva yule atapewa mzunguko mwingine. Ikiwa imelala katikati ya njia na huna hakika kwamba utafika, omba bendera. Hakuna atakayekulaumu kwa bendera iliyoinuliwa bila ulazima, na kama yupo wa kulaumu, msimamizi wa usalama atasema naye. Koni ni plastiki ya dola chache. Natamani kila mgeni aingie uwanjani akiwa amelishika hilo, kwa sababu wanaokaribia kugongwa si wazembe. Aghalabu ni wale wachapakazi, wenye haya ya kuonekana wavivu, wanaokimbilia koni ambayo wangeiacha. Moto ukitokea, simama upepo ukiwa nyuma yako, lenga chini ya moto na si ndimi zake, na mwanzo wa yote hakikisha dereva ametoka.

Utatofautiana na wahudumu siku moja. Utaona karatasi ya matokeo imekuandikia koni 1 na wewe una hakika hukuigusa. Usiende kituoni kwao, usiwapigie kelele dirishani unapopita. Nenda kwenye meza ya muda baada ya kutoka garini, uliza kwa upole, na watauliza kituo kwa redio. Jibu likirudi vilevile, likubali. Yule aliyekuwa mita 20 kutoka koni ile aliona alichoona, na kesho atakuwa anahesabu zako tena. Kinyume chake, kuna adabu moja inayopendwa sana na haigharimu kitu: katika mzunguko wako wa mwisho, ukishavuka mstari na kupunguza mwendo, wapungie mkono.

Kuhusu vileo, kanuni ni fupi. Hakuna pombe ndani ya uwanja, kwa dereva, fundi au rafiki aliyekuja kutazama, hadi mashindano yamekwisha na njia imefungwa rasmi. Bangi ni hivyohivyo, ingawa Ohio iliihalalisha kwa watu wazima mwaka 2023. Hiyo ni sheria ya jimbo, na kiti cha dereva na kituo cha koni vina sheria zao. Aliyelewa usiku kucha na kuamka na uchovu wa pombe naye asiendeshe, wala asipewe bendera.

Liko jambo linaloviumiza vilabu kuliko ajali, nalo ni kupotea kwa viwanja. Mwenye maegesho humruhusu mwenye klabu kwa hisani zaidi kuliko kwa faida, na simu mbili za majirani zinatosha kumfanya abadili nia. Wanaolalamikiwa mara nyingi hawako hata uwanjani: ni madereva wanaotoka langoni jioni wakiunguruma na kuacha alama za matairi kwenye makutano ya kwanza, au wanaofika alfajiri na bomba la moshi lililo wazi. Kilomita moja kuzunguka uwanja, upande wowote, endesha kama unayepita mbele ya nyumba ya mkwe. Na mwisho wa siku ubaki kukusanya koni, kufagia chaki na kuokota takataka, ziwe zako au si zako. Watu 60 humaliza kazi hiyo kwa dakika 20. Watu 6 huimaliza gizani.

Kwa kaka yako, mwambie asije na RAV4. Uimara wa gari dhidi ya kupinduka hupimwa kwa kugawanya nusu ya upana kati ya magurudumu yake kwa kimo cha kitovu chake cha uzito. Sedani ya kawaida hupata karibu 1.4, gari la familia lenye kimo kirefu, kama RAV4, hupata karibu 1.2 au chini yake. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye lami kavu, usukani ukitupwa kulia na kushoto kati ya koni kwa kilomita 60 kwa saa, springi hulalia upande mmoja na kurudi upande wa pili kwa nguvu zaidi, na gari lenye kimo kirefu likijikwaa hapo linaweza kuanguka ubavu. Ndiyo sababu SCCA hukataa magari mengi ya aina hiyo, na mkaguzi atamrudisha langoni. Badala yake, ajiandikishe kama dereva wa pili wa Civic yako. Vilabu vingi huruhusu watu wawili gari moja, kila mmoja na namba yake na zamu yake ya uwanjani. Mzazi wenu atakayewasikia mkibishana muda wa nani ni mzuri zaidi atakuwa na kazi.

Mtoto wa miaka 9 hatakaa kando yako. Abiria hukubaliwa kwa masharti ya umri na kimo ambayo yeye hajayafikia, na hata klabu ikiwa laini, mkanda na mfuko wa hewa wa kiti cha mbele havikuundwa kwa mwili wake. Haruhusiwi pia kwenye mstari wa kungojea wala kituoni wakati wa zamu yako, kwa hiyo lazima aje na mtu mzima mwingine asiye na kundi la kuendesha katika saa hizo, na fomu yake ya mtoto itiwe saini na wazazi mapema, kabla ya siku yenyewe, ili msirudishwe langoni kwa kukosa saini ya mmoja wenu. Akiwa amefika, mpe kazi halisi: akae eneo la watazamaji na karatasi, aandike muda wako unaotangazwa kwenye kipaza sauti na idadi ya koni zako. Na kama hamu yake haitaisha baada ya siku nzima ya jua, waulize viongozi wa klabu kuhusu madaraja ya kart za watoto. Baadhi ya vilabu vya SCCA vinayo, na huko atavaa helmeti yake mwenyewe na kuwa na msimamizi wake.